Zamu ya Reki

Bahari sijaiona.
Nimezaliwa Walukuba, nimekulia Walukuba,
na maji makuu ninayoyajua ni haya
yanayotoka ziwani kwa haraka
kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka,
yakafika bwawani, yakakuta meno ya chuma,
na nyuma ya meno, mimi
na reki yenye mpini wa mita nne.

Kazi yangu ni kuchokonoa.
Mtambo hautaki kumeza ila maji,
nami navuta: magugu kwanza, mazito, yamelewa tope,
kisha ndani yake, kama nywele zilizosukwa na vitambaa,
kavera, mifuko ile ya sukari, ya chumvi, ya mandazi,
kandambili ya kushoto
(sijui kwa nini, siku zote ya kushoto),
mdoli asiye na kichwa, jerikeni iliyotoboka,
na mara moja kiti cha plastiki, kizima,
kimesimama wima juu ya magugu
kana kwamba kuna mgeni anasubiriwa.

"Na vidogo?" nilimuuliza injinia Okwir.
"Vidogo vinapita."
Akachora kwa kidole kwenye vumbi la gari lake:
Kyoga, maporomoko, Nimule, Juba,
jangwa refu lisilo na mtu wa kuvuta reki,
Misri, kisha akafika ukingo wa boneti,
kidole kikabaki hewani.
"Hapo," akasema, "bahari.
Miezi mitatu hivi, kama maji hayana shughuli njiani."

Basi sisi tusio na pwani
tuna mlango wa nyuma wa bahari,
na kwenye mlango wa nyuma, wajua mwenyewe,
watu hutupa.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Hawakusema neno juu ya vizibo.

Alhamisi, baada ya mvua ya usiku kucha,
reki ikaleta chupa ndogo ya dawa, ya kahawia,
kifuniko bado kimekazwa,
kikaratasi kimeng'ang'ania ubavuni.
Wino umefifia, ila mwandiko haumpotei mwenyewe:
Mama. Kijiko kimoja, jioni.

Ni mimi niliyeandika.
Ni mimi niliyeitupa, wiki ya matanga,
mtaroni nyuma ya nyumba, mvua ikipiga,
nikisema moyoni: nenda nayo, maji, nenda na yote.
Yakaenda. Yakaipeleka Masese, yakaizungusha ghubani
mwaka mmoja na miezi,
yakaileta kazini kwangu.
Ingekuwa nyembamba zaidi kidogo
ingepita kati ya meno,
mwandiko wangu ukafika Misri kabla yangu.

Tenywa wa zamu ya pili alinikuta nimekaa chini.
Akadhani ni mgongo.

Jumapili niliazima reki.
Mtaro wetu una hatua arobaini na moja
kutoka choo cha kina Naigaga hadi kalavati.
Watazamaji hawakukosekana.
Wa kusaidia alikuwa mmoja, binti yangu Kagoya,
na koleo lake lilikuwa sahani ya bati.
Tulifika hatua ya kumi na tisa, giza likaingia.

Usiku huo alikuwa na kazi ya shule:
chora bahari.
Akaniuliza rangi. Nikamwambia sijui, mwanangu,
ninachojua ni inacholishwa.
Akanitazama kidogo, akainama.
Akaanza na choo, akachora mtaro,
kalavati, ziwa, meno,
baba mwenye reki ndefu kuliko daraja,
karatasi ikaisha.

Akaigeuza.
Upande wa pili bado ulikuwa mweupe.